Bangili ya sumaku imempa mama nafuu, na vidonge vya presha ameacha

SWALI

Anti, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijakosana na ndugu zangu.

Mama yetu ana miaka 63, anaishi Muheza, Tanga. Mimi niko Mbagala, Dar es Salaam. Goti lake la kulia linamsumbua kwa muda mrefu, alipigwa picha akaambiwa limesagika. Asubuhi linakaza, na akimaliza kuswali hainuki mkekani mpaka ashike ukuta. Pia ana presha, na alikuwa akimeza kidonge kimoja kila siku bila kukosa.

Mwezi wa tatu dada yangu mkubwa, ambaye amejiunga na biashara ya mtandao ya bidhaa za sumaku, alimpelekea bangili. Ni ya chuma kinachong'aa, na kwa ndani ina vidoa vyeusi vimejipanga mstari mmoja, kila kidoa ni sumaku. Nilikuwepo siku hiyo. Dada alikuja na kiongozi wake wa timu, bwana mmoja amevaa tai. Alimsimamisha mama kwa mguu mmoja, akamwambia anyooshe mkono pembeni, akaukandamiza. Mama akayumba, nusura aanguke. Akamvisha bangili, akaukandamiza tena ule mkono, mama hakutikisika. Majirani wakapiga makofi. Halafu akachukua pini za ushungi wa mama, zikanata kwenye bangili, akasema: "Mnaona? Na damu nayo ina chuma. Sumaku inaivuta izunguke, inapeleka oksijeni gotini na kusafisha mishipa." Alikuwa pia na kamashine ka kushika mkononi kanakounganishwa na kompyuta. Mama alikashika dakika moja, yakatoka majibu ya mwili mzima: figo zimechoka, kongosho limechoka, mafuta ya magoti yamekaribia kuisha.

Bangili ilikuwa shilingi 120,000. Mama alilipa kwa pesa yake ya kikoba.

Kinachonichanganya ni kwamba amepata nafuu kweli. Sasa anatembea mpaka sokoni na kurudi. Dada alimwambia pia asibebe tena ndoo za maji, hivyo anachota mjukuu. Alimwambia atembee kila siku baada ya swala ya alfajiri, apunguze wali wa usiku na sukari kwenye chai. Na dada mwenyewe kila akienda anamkanda goti kwa mafuta ya nazi. Lakini mama anasema ni bangili.

Shida zangu ni mbili. Kwanza, vidonge vya presha ameviacha tangu mwezi wa tano. Aliambiwa bangili inasawazisha damu yenyewe, na kwamba ukichanganya na kemikali unaharibu kazi yake. Nilipokwenda mwezi uliopita nilimpeleka duka la dawa akapimwa, ikasoma 172 kwa 104. Akasema ni bodaboda ndiyo imemtikisa. Pili, sasa anataka godoro la sumaku la shilingi 2,400,000. Pesa hana, kwa hiyo anataka kulikodisha shamba lake la michungwa misimu miwili. Dada akiliuza godoro hilo anapanda daraja kwenye kampuni.

Nilipofungua mdomo dada alinuna, akasema mimi sijawahi kumnunulia mama hata panadol. Mama akasema, "Mwanangu, goti ni langu, mimi ndiye ninayesikia maumivu." Anti, kama bangili haifanyi kazi, mbona amepona? Nikimwambia anadanganywa, nitamharibia hiyo nafuu? Na hizo sumaku zina madhara?

Mtoto wa pili, Mbagala

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole na safari za Muheza.

Umeniuliza maswali mengi ya bangili, na nitayajibu, lakini barua yako mimi nimeisoma kuanzia kwenye ile 172 kwa 104. Bodaboda inaweza kupandisha presha kidogo, na kipimo kimoja cha duka la dawa hakitoshi kuamua jambo. Lakini kwa mtu ambaye anajulikana ana presha na ameacha dawa kwa miezi, namba hiyo ndiyo hasa ambayo ungeitegemea. Presha haiumi. Mama yako atakwambia anajisikia vizuri, na atakuwa anasema kweli, huku moyo, figo na mishipa ya kichwani vikiendelea kuchoka. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na wengi wa waliokuja wodini na kiharusi walikuwa wazima jana yake, wamekula, wamecheka na watu.

Kwa hiyo wiki hii, wiki hii hii, arudi kituo cha afya anakotibiwa, na kadi yake ya kliniki na pakiti ya vidonge vilivyobaki. Apumzike dakika chache, ndipo apimwe. Aseme wazi kwamba ameacha dawa tangu mwezi wa tano, asione haya, hatakuwa wa kwanza. Wao ndio watakaoamua arudie dozi ile ile au abadilishiwe. Asije akameza viwili viwili nyumbani ili "kufidia". Na hapo katikati, mtu yeyote wa nyumbani akiona uso wake umepinda upande mmoja, mkono au mguu umekosa nguvu, ulimi umekuwa mzito, au kifua kinambana, wasiulizane na wasimkande. Hospitali moja kwa moja, hata kama ni saa nane za usiku.

Ukienda naye usiiseme bangili kwa ubaya. Aivae. Umenielewa? Mwache aivae mpaka kliniki. Ukimpa mama kuchagua kati ya bangili na vidonge atachagua bangili, kwa sababu bangili anaona imempa kitu na vidonge haoni vimempa nini. Wewe kazi yako ni kuhakikisha hachagui. Mwambie, "Mama, bangili ni ya goti, vidonge ni vya moyo." Maneno hayo hayana uongo mkubwa ndani yake, na yanamwachia heshima yake.

Walio watu wazima mwaka 2011 wanaikumbuka Loliondo, foleni za magari kwenda Samunge kunywa dawa ya mitishamba ya Babu, kikombe shilingi 500. Waliokunywa wakarudi na tumaini sikuwa na ugomvi nao. Walioniuma ni wale walioacha ARV, dawa zao za virusi vya UKIMWI. Kila tiba ya namna hii ninaiuliza swali hilo hilo: imemfanya mtu aache nini?

Sasa hiyo sumaku.

Yule bwana wa tai alikuonyesha pini zikinata, halafu akarukia damu. Hapo katikati kuna shimo, na yeye ameliruka. Chuma cha kwenye pini ni chuma kitupu, na chuma kitupu sumaku inakivuta. Chuma cha kwenye damu kiko ndani ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, chembe moja moja, kila moja imefungwa peke yake, wala hakifuati sumaku. Mwili wote wa mtu mzima una kama gramu 3 hadi 4 tu za chuma. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: damu iliyobeba oksijeni sumaku haiivuti kabisa, inaisukuma, tena kidogo kiasi kwamba bila vifaa vya maabara huwezi kuona. Kama damu ingekuwa inavutwa, fikiria mtu anayeingizwa kwenye MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, pale Muhimbili. Mashine nyingi za MRI zina sumaku kubwa ya tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na mgonjwa analala ndani yake, mwili mzima, nusu saa na zaidi. Damu yote ingekimbilia upande mmoja tungebaki na maiti. Anatoka, anavaa viatu, anaenda kupanda daladala. Wala hatoki amepona goti.

Halafu kuna umbali, na hili unaweza kulipima mwenyewe pale barazani. Chukua pini moja, inate kwenye bangili. Weka khanga katikati, moja. Ikunje mara mbili, mara nne, mara nane. Pini itaanguka kabla hujafika mbali, kwa sababu sumaku ndogo nguvu yake inapungua haraka sana kadiri unavyosogea. Sasa bangili iko kifundoni mwa mkono, goti liko chini huko. Sijui bwana wa tai anadhani sumaku inapita njia gani.

Mchezo wa kukandamiza mkono usikutishe, ni wa zamani na unauza vitu vingi: vidani, kadi za kuweka mfukoni, soli za viatu. Mara ya kwanza mama hakujua atasukumwa vipi, yuko kwa mguu mmoja, na goti lenyewe bovu. Mara ya pili anajua, misuli imeshakaza kabla hajaguswa, na yeye mwenyewe anataka ifanikiwe. Msukumaji naye akielekeza mkono wake kidogo kwa nje, mtu anayumba. Akielekeza kwa ndani, kuelekea mwilini, mtu anasimama. Huenda hata hajui kama anafanya hivyo. Jaribu na jirani: mara ya kwanza mkono mtupu, mara ya pili ashike kitunguu. Kitunguu kitamtibu vizuri tu.

Kamashine ka kushika mkononi sitapoteza maneno. Hakuna kifaa cha kushika kiganjani dakika moja kikakwambia hali ya kongosho na mafuta ya goti. Mkienda kliniki mwombe vipimo vya sukari na figo, mtu wa presha anavihitaji hata hivyo, na karatasi ya bwana yule muiwashie jiko.

Utauliza kama watu wamepima jambo hili kwa haki. Wamepima, tena zamani sana. Mwaka 1784 Paris ilikuwa imeshikwa na tiba ya daktari aliyetoka Vienna, Franz Anton Mesmer. Alianza kwa kubandika wagonjwa sumaku, baadaye akasema sumaku hata hazihitaji, nguvu yenyewe anayo mwilini na anaweza kuitia kwenye maji au kwenye mti. Watu walipiga kelele, wakazimia, wakaamka wanasema wamepona. Mfalme Louis XVI aliunda tume ya wataalamu, ndani yake wakiwemo mkemia Lavoisier na Benjamin Franklin, ambaye wakati huo alikuwa mwakilishi wa Marekani kule Ufaransa. Mwanafunzi mkubwa wa Mesmer akatia nguvu kwenye mti mmoja katika bustani ya Franklin. Akaletwa mvulana wa miaka 12, amefungwa kitambaa machoni, akapelekwa kukumbatia miti mingine, mmoja baada ya mwingine. Kwenye mti wa nne alizimia. Mti uliotiwa nguvu ulikuwa mbali na pale.

Yule mtoto hakuigiza, alizimia kweli. Hilo ndilo ninalotaka ulishike, maana ndilo jibu la swali lako la "mbona amepona".

Siku hizi wanapima kwa bangili zenyewe. Uingereza walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2004, watu 194 wenye nyonga na magoti yaliyosagika, wiki 12. Wengine walipewa bangili zenye sumaku kamili, wengine sumaku dhaifu, wengine zisizo na sumaku. Wenye sumaku kamili walisema maumivu yamepungua kuliko wale wasio na sumaku. Muuzaji wa dada yako akilijua hili atalibandika ukutani. Lakini watafiti wenyewe walisema hawawezi kujua kama ni sumaku iliyofanya kazi au ni imani, kwa sababu mtu akivaa bangili ya sumaku haikawii kunata kwenye funguo, na hapo anajua amepewa ya kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha York walitoa matokeo ya wagonjwa 70 wa baridi yabisi. Kila mmoja alivaa kwa zamu bangili nne: ya sumaku, ya sumaku iliyopunguzwa, iliyoondolewa sumaku, na ya shaba. Wiki tano kila moja. Maumivu, uvimbe, vipimo vya damu: hakuna iliyoishinda nyingine kwa maana yoyote. Soli za sumaku za maumivu ya kisigino nazo zilipimwa Marekani, matokeo yakatoka mwaka 2003, hazikuzishinda soli za kawaida.

Watakwambia, "Hata hospitali wanatumia sumaku." Ni kweli, na usibishe. Marekani waliruhusu tangu mwaka 1979 vifaa vya kusaidia mfupa uliovunjika ukakataa kuunga, na mwaka 2008 mashine ya kutibu sonona. Ila vile vinatumia umeme, nguvu ya sumaku inawashwa na kuzimwa mara nyingi mpaka inazalisha umeme mdogo ndani ya mwili. Kipande cha sumaku kilichotulia kwenye bangili au godoro hakizalishi chochote. Neno ni moja, vitu ni viwili.

Basi mama amepona na nini? Mwanangu, umeniandikia mwenyewe na hukuona. Hachoti tena maji. Anatembea kila alfajiri. Wali wa usiku umepungua na sukari imepungua, bila shaka na mwili nao umepungua. Kwa goti lililosagika, hayo ndiyo matibabu yenyewe! Mtaalamu wa fiziotherapia angemwandikia hayo hayo. Kilo moja ikipungua mwilini, goti linapunguziwa mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua, hilo limepimwa kwa wazee wenye magoti ya namna hii. Ongeza mkono wa binti yake anayemkanda, maana mtu mwenye maumivu akikaa na mtu wake, anaguswa, anasikilizwa, yanapungua. Na ongeza kwamba goti la namna hii lina vipindi, wiki mbaya na wiki nzuri, na watu hununua dawa kwenye wiki mbaya. Wiki nzuri ikija, sifa anachukua aliyeuza.

Na imani nayo ina sehemu yake. Ubongo ukitarajia nafuu unapunguza maumivu, na maumivu yaliyopungua hivyo yamepungua kweli, usimcheke. Ila haujengi tena goti lililosagika, na haushushi 172.

Hivyo usimwambie "umedanganywa". Kwanza ni tusi kwa mtu aliyelipa kwa pesa ya kikoba mbele ya majirani. Pili, nafuu yake si ya uongo, ameitolea jasho mwenyewe kila alfajiri. Mwambie hilo: "Mama, hongera, ile kutembea kwako kumelisaidia goti, usiache hata siku bangili ikipotea." Mrudishie sifa yake. Akishaamini kwamba miguu yake ndiyo iliyofanya kazi, godoro litapoteza utamu lenyewe.

Muongezee na haya. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu mpaka goti linyooke, ahesabu pole pole mpaka tano, ashushe. Arudie mara kumi, mguu wa pili, asubuhi na jioni. Ni misuli ya mbele ya paja hiyo, ikiwa na nguvu inalibebea goti. Akitembea mbali ashike fimbo, na aishike mkono wa kushoto, kwa kuwa goti bovu ni la kulia. Karibu kila mtu anaikosea hiyo. Jiko likiwa chini, mnyanyulieni, kibao cha mbuzi na kigoda vimewaumiza magoti mama zetu wengi. Choo kama ni cha kuchuchumaa, fundi atatengeneza kiti chenye tundu kwa bei ambayo kwa godoro lile unapata viti vya mtaa mzima. Na kuswali kwa kukaa kwenye kiti kunaruhusiwa kwa mwenye udhuru, amuulize shehe wake kama ana wasiwasi. Wazee wengine wanaumia kimya kimya wakidhani swala itapungua thawabu.

Dawa ya maumivu, ikibidi, aanze na panadol kwa kipimo kilichoandikwa, au ya kupaka. Diklofenaki na ibuprofeni za kumeza asijinunulie dukani, zinapandisha presha, zinachosha figo na kutoboa tumbo, na yeye ana presha tayari.

Madhara ya bangili yenyewe kwa mama yako ni madogo, labda ngozi kuwasha. Lakini nyumba ina watu wengi. Mtu aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, wengine wanakiita betri ya moyo, wanawekewa pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, asilalie godoro la sumaku wala asiegemeze bangili kifuani, kwa sababu sumaku inaweza kukibadilisha kifaa kinavyofanya kazi. Na angalieni vile vidoa vyeusi. Vikibanduka mjukuu akameza viwili, vinatafutana tumboni vikiwa sehemu mbili tofauti za utumbo, vinaubana katikati na kuutoboa. Hapo ni upasuaji. Siku kidoa kimoja kikipotea, itupeni bangili na mtoto apelekwe hospitali hata kama halii.

Godoro sasa. Hapa sikushauri upole. Shamba la michungwa misimu miwili ndiyo chakula cha mama, ada ya mjukuu na nauli ya kliniki. Mwombe mama jambo moja tu: asitie saini ya kukodisha mpaka presha yake ikae sawa na mpaka mjomba, kaka yake, asikie. Naamini wapo wakubwa wa upande wake anaowasikiliza. Wewe ni mtoto wa pili, neno lako lina kipimo chake, usijibebeshe peke yako. Na kabla ya hapo, mwambie dada alete karatasi mbili. Moja inaonyesha kwamba godoro hilo limesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kama kifaa tiba, na ya pili inaonyesha kwamba bwana wa tai amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, maana alipima mtu na kumtajia magonjwa. Usiulize kwa kejeli. Uliza kwa ajili yake yeye, kwa sababu siku mama akianguka na kiharusi, kiongozi wa timu hatapatikana kwenye simu, na atakayetazamwa na ukoo mzima ni dada yako.

Naye usimfanye adui. Ukiisoma barua yako tena utaona ndiye aliyemkataza mama ndoo, ndiye aliyempunguzia sukari, na ndiye anayemkanda. Amefanya kazi ya binti mwema akaipa jina la bidhaa. Huenda pia ana deni la mzigo alionunua ili awe kwenye daraja alilopo, watu wa biashara hizi wengi wanalo na hawasemi. Mtafute bila mama kuwepo, muulize ana mzigo wa shilingi ngapi ndani. Kama ni hivyo, kumsaidia arudishe mzigo au atafute biashara nyingine kutamtoa kwenye godoro haraka kuliko ubishi wa sumaku. Na lile la panadol alilokurushia, limeze. Mtumie mama pesa ya vidonge vya presha kila mwezi, kwa jina lako, dada aone.

Mkitoka kituo cha afya niandikie namba zote mbili, ya juu na ya chini, na jina la dawa aliyopewa.

Anti